Mtaro wa Wazi au Bomba la Chini? Njia ya Maji ya Mvua Mtaani Kwetu

Kwenye mikutano ya mtaa hapa Dar es Salaam, hasa ile inayoitishwa masika yakikaribia, kuna swali ambalo halikosi mtu wa kuliuliza: "Wenzetu kule mjini wamelaziwa mabomba chini ya barabara. Sisi kwa nini tunachimbiwa mitaro?" Muulizaji hupigiwa makofi. Mhandisi aliyekuja na ramani yake huanza kueleza mteremko na kipenyo, mpaka watu wanaanza kuangalia simu. Mkutano unafungwa, na kila mtu anarudi nyumbani na jibu lile lile alilokuja nalo.

Swali hilo lina uchungu, na uchungu wenyewe ni wa haki. Mtaro wa wazi ndio uliomeza kandambili za watoto wetu, ndio unaonuka wakati wa jua kali, na mgeni akija usiku inabidi umpokee na tochi asije akatumbukia. Mtaa ukifunikiwa mtaro wake unajiona nao umehesabiwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wapiga makofi.

Miaka kadhaa iliyopita, nyumba kumi na mbili za uchochoro wetu, huku bondeni, tulichangishana. Tukanunua mabomba ya plastiki ya inchi sita, tukayalaza ndani ya mtaro, tukafukia kwa kifusi na kushindilia mchanga juu. Njia ikapanuka. Bajaji zikaanza kuingia mpaka ndani, na mama ntilie wa kona akapata pa kuweka benchi la pili. Ikaja masika. Mvua ya usiku mmoja ikaingiza maji kwenye nyumba ambazo wazee wanasema hazikuwahi kuingia maji tangu zijengwe. Asubuhi tulikuta mdomo wa bomba umezibwa na kiroba, tope na kiatu kimoja cha shule.

Ndipo nilipoanza kuuliza watu wanaojua. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kwanza tuelewane kwa majina, kwa sababu nusu ya ubishi wa mikutanoni ni watu kutumia neno moja kwa vitu viwili. Mtaro wa wazi ni njia ya maji isiyo na kifuniko. Unaweza kuwa wa udongo mtupu, wa mawe yaliyojengewa saruji, au wa zege. Bomba la chini ni njia iliyofungwa pande zote na kufukiwa, na maji huingilia kwenye matundu ya pembeni mwa barabara yenye nondo au wavu. Chemba ni kile kishimo chenye mfuniko kinachomwezesha fundi kulifikia bomba. Kalavati ni kipande kifupi cha bomba au sanduku la zege kinachovusha maji chini ya barabara au mlango wa nyumba. Upo pia mtaro wenye mifuniko, ambao ni mtaro kamili wa zege uliopangiwa vipande vya slabu juu, na vipande hivyo vinanyanyuka. Huu wa mwisho tutaurudia, maana ndio unaosahaulika kuliko yote.

Jambo jingine ni kwamba maji ya mvua na majitaka yana njia mbili tofauti. Bomba la majitaka, linalotoka chooni na bafuni na kusimamiwa na DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya jiji, limepimwa kwa maji ya watu kuoga na kuvuta choo. Halikupimwa kwa mvua. Mtu akielekeza maji ya paa lake kwenye chemba ya majitaka ili uwanja wake ukauke, mvua ikinyesha bomba linajaa, na kinachofumuka kwenye chemba ya jirani aliye chini ni kinyesi. Nimeona majirani wakigombana kwa jambo hili bila yeyote kujua kwamba chanzo ni bati la nyumba ya tatu.

Sasa hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, basi. Paa la mita kumi kwa kumi likinyeshewa milimita 50, mvua ambayo kwa siku moja ya masika Dar es Salaam si ya ajabu, linamwaga lita 5,000. Hayo ni mapipa 25 ya lita 200 kutoka nyumba moja. Chukua sasa eneo la hekta moja, kubwa kidogo kuliko uwanja wa mpira. Mvua hiyo hiyo inaliletea lita 500,000, sawa na maboza 50 ya lita 10,000. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na mchanga na mizizi ya minazi na miembe. Leo kila mahali ni bati, saruji na ardhi iliyoshindiliwa na magurudumu, kwa hiyo karibu yote yanatafuta pa kwenda kwa wakati mmoja.

Na sisi tuliyapa nini? Mtaro wetu wa zamani ulikuwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Bomba la inchi sita lina kipenyo cha sentimita 15. Ukilinganisha nafasi ya maji kupita, yangehitajika mabomba ishirini kama lile ili kufikia mdomo wa mtaro tulioufukia. Tulikuwa tumeondoa mlango wa geti, tukaweka dirisha la choo.

Ukubwa wa bomba una tabia ambayo watu wengi hawaitarajii. Bomba la sentimita 60 halipitishi maji mara mbili ya lile la sentimita 30. Kwa mteremko ule ule, linapitisha zaidi ya mara sita. Nafasi ya ndani inakuwa mara nne, na juu ya hapo maji yanakwenda kasi zaidi kwa sababu sehemu ndogo tu ya maji inasugua ukuta. Kwa hiyo mtu akiwaambia "tuweke dogo kidogo tuokoe hela", muulizeni anapunguza uwezo kwa kiasi gani. Punguzo dogo la bei huwa ni punguzo kubwa sana la maji.

Mtetezi wa bomba atajibu: basi tuwekewe makubwa. Ni haki yake. Lakini ukubwa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mchanga na taka, na hapa nawaomba mfikirie dafu.

Ukinywa dafu kwa mrija, mambo ni mazuri mpaka kipande cha nyama ya dafu kinapoingia mrijani. Hapo unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani na hakuna kinachokuja. Huoni kimekwama wapi. Ukiwa umelimimina dafu hilo hilo kwenye bakuli, ile nyama unaiona, unaitoa kwa kijiko, unaendelea kunywa. Bomba ni mrija, mtaro ni bakuli. Maji safi yakipita, mrija unashinda. Maji yetu yana mchanga wa njia zisizo na lami, majani, viroba, chupa za plastiki, na mabaki ya sokoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na tofauti inaonekana, ila chupa na vifungashio vingine bado vinakuja na kila mvua.

Maji ili yabebe mchanga lazima yawe na mwendo. Yakishuka chini ya takribani sentimita 60 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea akiwa hana haraka, mchanga unaanza kutua. Sehemu kubwa ya mabonde yetu ni tambarare, hivyo maji yanasinzia humo na kila mvua inaacha tabaka lake. Kwenye mtaro, tabaka hilo mtoto yeyote analiona. Vijana wanachukua sepetu na koleo, Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi limeondoka. Ndani ya bomba tabaka linapanda kimya kimya. Kulitoa kunahitaji gari la kusukuma maji kwa nguvu au fundi mwenye vifaa, na gari lenyewe linahitaji njia ya kupita, ambayo uchochoroni haipo.

Kwa hiyo ile imani kwamba bomba halizibi kwa sababu limefunikwa ni kinyume cha mambo yalivyo. Linaziba, na likiziba hujui mpaka siku ya mvua. Mara nyingi hata si bomba lenyewe lililoziba, ni lile tundu la kuingilia. Barabara inageuka ziwa wakati bomba chini yake liko karibu tupu, kama daladala yenye viti vya bure lakini mlango umegoma kufunguka. Mpita njia anasema bomba limezidiwa, kumbe halijapata hata maji ya kubeba. Ukiona hivyo kwenye barabara ya mjini, tazama wavu wa pembeni kwanza.

Nisisitize hapa jambo la usalama, kwa sababu vijana wetu wana moyo wa kujitolea. Mtu asiingie ndani ya chemba au bomba kuzibua kwa mikono. Humo hewa inaweza kuwa na sumu inayomwangusha mtu kabla hajapata hata nafasi ya kupiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Kazi hiyo ina watu wake na vifaa vyake.

Mbu nao wanastahili kuzungumzwa kwa utulivu, maana ndio hoja ya kwanza ya kila anayetaka mtaro ufunikwe. Mbu hahitaji mtaro, anahitaji maji yaliyotulia. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni karibu wiki moja au zaidi. Mtaro unaokauka siku mbili baada ya mvua hauzalishi mbu hata kama uko wazi mchana kutwa. Mtaro ulioziba unazalisha, na chemba iliyotuamisha maji machafu chini ya mfuniko inazalisha vile vile, hasa yule mbu mwenye kelele za usiku anayependa maji machafu na ndiye msambazaji wa matende na mabusha hapa pwani. Mbu wa malaria kwa kawaida hupendelea madimbwi yenye maji safi zaidi, yanayopigwa na jua. Na yule wa dengue, ugonjwa uliolisumbua jiji 2014 na tena 2019, huzaliana zaidi kwenye vyombo vyetu wenyewe: matairi, ndoo, makopo ya maua, pipa la maji lisilofunikwa. Kufukia mtaro hakumgusi kabisa.

Harufu nayo ina chanzo chake. Maji ya mvua hayanuki. Mtaro ukinuka kiangazi, kuna kitu kimeelekezwa humo: bomba la bafu, karo lililojaa, au choo. Na hapa sina budi kutaja kutapisha. Kila mtu wa bondeni anajua maana yake. Mvua kubwa ikianza usiku, mwenye shimo lililojaa anatoboa ukuta wa shimo, kinyesi kinaondoka na mafuriko, na asubuhi shimo liko tupu bila gharama ya gari la kunyonya. Mtaro wa wazi unalifanya jambo hili lionekane na kumfedhehesha mhusika. Bomba linalificha. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani kilitukumbusha uchafu wa aina hiyo unaishia wapi. Kulifunika tatizo la vyoo kwa zege ni kulipa tatizo hilo chumba chake.

Lipo kosa jingine dogo ninaloliona karibu kila mtaro mpya. Mafundi wakimaliza kujenga kuta za mawe au zege, huacha vitundu vilivyopangwa kwa safu. Wakazi wanadhani ni kazi mbovu, wanachukua saruji na kuviziba, au wanasukumia mabomba yao ya bafu humo. Vitundu hivyo vimewekwa makusudi. Ardhi ya bondeni imejaa maji hata kiangazi, na maji hayo yanasukuma ukuta wa mtaro kutoka nyuma. Vitundu vinayaruhusu yatoke taratibu. Ukiviziba, ukuta unabeba mzigo wote, na masika mawili baadaye unaukuta umelalia katikati. Kisha tunamlaumu mkandarasi.

Na kina je? Wengi tunaamini mtaro ukichimbwa zaidi utabeba zaidi. Inategemea unamwaga wapi. Ukichimba sehemu yako ikawa chini kuliko mdomo wa kutokea, umechimba bwawa refu jembamba. Maji yatajaa mpaka yafikie kimo cha mdomo ndipo yaanze kutoka, na yaliyobaki yatalala hapo na mbu wake. Kwa maeneo ya karibu na pwani kuna bahari pia. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto unasubiri bahari, mtaro unasubiri mto, na uchochoro unasubiri mtaro. Ndiyo maana bonde la Msimbazi kule Jangwani linaweza kuendelea kujaa hata mvua ikiwa imekatika. Bomba zuri namna gani haliwezi kuishinda foleni hiyo.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo kazi ya kuyasoma maji ya jiji ikapata uzito. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe mitaani, kata kwa kata, wakichora mitaro na kuandika wapi maji hujaa. Mwaka huo huo ukaanza mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliojenga barabara na mitaro mikubwa ya zege, ukiwemo ule wa Mto Ng'ombe unaokata Kinondoni kuelekea Msimbazi. Angalieni mtaro huo: uko wazi. Fedha hazikuishia njiani. Maji ya bonde zima yanahitaji nafasi ya kupanda na kushuka, na mashine za kusafisha zinahitaji pa kuingilia.

Na kama bado kuna anayeona mtaro wa wazi ni ishara ya umaskini, atazame Seoul. Mto wao wa katikati ya jiji, Cheonggyecheon, ulikuwa umefunikwa kwa zege na juu yake pakajengwa barabara ya magari. Waliivunja, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa tena.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke akidhani nautetea mtaro wa wazi kila mahali. Mtaro wenye kina cha mita moja mbele ya shule ya msingi ni hatari, na mtoto aliyetumbukia hatuliziki kwa kuambiwa kwamba unasafishika kirahisi. Penye soko, kituo cha daladala, zahanati, njia ya wazee na walemavu, njia ya maji inapaswa kufunikwa. Palipo na lami, mteremko mzuri, uzoaji wa taka wa uhakika na nafasi ya gari la kuzibulia, bomba linafanya kazi vizuri, ndiyo maana mjini kati linawezekana.

Kwa mitaa mingi kama wetu jibu ni ule mtaro niliosema unasahaulika, wa zege wenye slabu za kunyanyuka. Juu unapita, unaweka genge, bajaji inavuka. Chini, maji yana nafasi yote ya mtaro. Siku ya usafi watu wawili wananyanyua slabu, wanazoa tope, wanairudisha. Gharama yake ni kubwa kuliko mtaro mtupu, na slabu zina adui wawili. Wa kwanza ni uzito mkubwa: ikihitaji watu sita kuinyanyua, haitanyanyuliwa kamwe. Wa pili ni sisi wenyewe tunapomwaga saruji juu yake ili baraza la duka liwe sawasawa. Slabu iliyosakafiwa imegeuka bomba, bomba lisilo na chemba. Tena slabu ya zege ina afadhali nyingine, wauza chuma chakavu hawaitamani kama wanavyotamani mifuniko ya chuma.

Mhandisi akija tena, badala ya kumuuliza kwa nini mtaro, muulizeni maji haya yatatokea wapi, na mdomo wake uko juu au chini ya mtaro mnaotaka kutujengea. Muulizeni umepimwa kwa mvua ya ukubwa gani. Muulizeni nani atausafisha, kwa kifaa gani, na atapitia wapi. Muulizeni pia walio chini yetu watapokea nini, maana maji tunayoyaharakisha sisi yanafika mlangoni kwao. Na mjue mnamuuliza nani: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, majitaka ni ya DAWASA. Malalamiko mengi yanapotea kwa sababu yamepelekwa kwenye ofisi isiyohusika.

Uchochoro wetu tuliufukua. Ilichukua wikiendi tatu, na yale mabomba ya inchi sita tuligawana. Moja lipo kwangu, linashusha maji ya paa kwenye simtanki. Mtaro ulijengwa upya kwa zege, ukarudishiwa sentimita zake 60, na kila nyumba ikachangia slabu za mbele ya mlango wake. Kila slabu ina vishikio viwili vya nondo. Mama ntilie ana slabu nne chini ya benchi lake, na kila vuli ikikaribia, yeye ndiye anayepita mlango kwa mlango kuuliza za nani hazijanyanyuliwa bado.